BEI YA GARI SI ILE MOJA MNAYOAMBIWA

Ndugu wanachama,

Sisi tunaoandika ni wafanyakazi wa reli wenye kwao Ruiri, katika Meru, upande ule unaotazama Isiolo. Katika mkutano wa tawi tuliombwa tueleze habari ya gari tuliloagiza ng'ambo, kwa sababu wengi wameisikia nusu, na nusu hiyo wameisikia kwa watu wenye kucheka. Basi leo tunaieleza yote. Wenye kucheka na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana dalali aliyetula sisi bado yuko mjini, na kesho atawala wengine.

Neno letu ni moja, nasi tunaliweka hapa juu ili asiye na nafasi ya kusoma mengi aondoke nalo. Gari la ng'ambo halina bei moja. Lina bei saba. Anayekutajia moja na kuzinyamazia sita amekwisha kukuibia kabla hujatoa senti. Na mfanyakazi anayetia saini kabla ya kuandikiwa zote saba amejiibia mwenyewe.

KWA NINI TULITAKA GARI

Mtu wa mjini atauliza: mfanyakazi wa reli anataka gari la fowili la nini? Tunamjibu kwamba reli tunayoitumikia haikufika kwetu. Njia ya zamani kutoka Nairobi hupita Thika, ikauzunguka mlima upande wa machweo, ikaishia Nanyuki. Njia hiyo ilifufuliwa mwaka 2020, nasi tulishangilia pamoja na wengine, lakini kutoka Nanyuki mpaka Ruiri hakuna taruma hata moja. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi haikugeuza uso kuitazama Meru. Sisi tunawasafirisha wengine. Likizo ikifika tunarudi nyumbani kwa matatu, na kutoka kituo cha matatu tunapanda bodaboda au tunakwenda kwa miguu.

Wala hatusemi habari ya barabara kuu. Tunasema habari ya vijia vinavyoteremka mashambani, ambako ndiko watu wanakoishi. Mvua za Machi mpaka Mei zikinyesha, na tena zile za Oktoba mpaka Desemba, vijia hivyo hugeuka kuwa uji. Gari la kawaida huvutwa na magurudumu mawili. Yakikosa pa kushika huzunguka bure, na gari likakaa hapo mpaka jua litoke. Gari la fowili hugawa nguvu kwa magurudumu yote manne, nalo likitiwa ile gia ya chini hutambaa taratibu kama ng'ombe wa jembe mpaka likapita. Kwa tajiri hiyo ni starehe ya kwenda kutazama simba. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua hiyo ndiyo njia ya hospitali.

Gari la namna hii si geni kwetu. Land Rover ilionyeshwa watu kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na haukupita muda mrefu ikawa gari la serikali ya kikoloni. Wazee wetu waliijua vizuri katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, ikiwa imejaa askari. Siku hizo matope hayakulizuia gari kufika. Lilifika kila lilipotakiwa kumkamata mtu. Lilipotakiwa kumchukua mgonjwa, halikuonekana. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na gari la fowili likabaki kuwa gari la mkubwa: likipita, sisi tunasogea kando na kupangusa vumbi. Basi tuliposema tutanunua moja la kwetu, hatukuwa tukitafuta sifa. Tulikuwa tukitafuta haki ya kutoka nyumbani kwetu siku ya mvua.

YALIYOTUPATA

Tulikuwa watu ishirini. Kila mmoja alitoa shilingi 150,000, wengine kwa akiba, wengine kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi mpaka leo. Jumla ikawa milioni tatu. Tuliafikiana kwamba gari litakaa Ruiri, litabeba wagonjwa kwa nauli ndogo, na siku za soko litabeba maharagwe na maziwa kwa nauli ya kawaida, ili lijilishe lenyewe.

Tukaonyeshwa dalali mmoja Nairobi. Alikuwa na ofisi yenye kapeti, na picha za magari ukutani. Alituambia gari la dizeli la fowili, lililotumika Japani, litatugharimu milioni mbili na nusu, "na gharama ndogo ndogo juu yake." Tukahesabu kwa vidole: milioni tatu kutoa milioni mbili na nusu, inabaki nusu milioni ya hizo ndogo ndogo. Tukafurahi. Tukamlipa. Tulipewa risiti ya mstari mmoja.

Gari likapanda meli, likafika Mombasa. Hapo ndipo tulipoonyeshwa gharama ndogo ndogo. Kodi peke yake ilizidi milioni mbili. Tulimpigia dalali simu, naye akatujibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba kodi ni jambo la serikali, yeye kazi yake ni kuuza gari, na kwamba alidhani sisi ni watu wazima tunaojua mambo.

Ndugu, tuliona haya kurudi Ruiri. Gari lilikaa Mombasa siku 41, na kila siku baada ya zile chache za bure ilikuwa na malipo yake ya kuhifadhi. Mwenzetu mmoja aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Mwingine, aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, alikodisha shamba lake kwa misimu mitatu. Watatu walijitoa, wakadai fedha zao, nasi hatukuwa na za kuwarudishia. Mpaka sasa hatusalimiani nao vizuri. Na katika siku hizo 41 mvua ilinyesha. Mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu usiku, akabebwa juu ya kitanda na vijana sita, akazalia njiani chini ya turubai. Mama na mtoto wote wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini gari lililonunuliwa kwa ajili ya usiku ule ule lilikuwa limesimama Mombasa juani, likihesabiwa siku.

BEI SABA

Sasa tunaziandika bei saba, na kila mwanachama azikate na kuzibandika ukutani.

Ya kwanza ni bei ya gari lenyewe huko ng'ambo. Hii ndiyo dalali huitaja.

Ya pili ni nauli ya meli na bima ya safarini.

Ya tatu ni ukaguzi kabla ya kupakiwa. Sheria ya Kenya inataka gari lililotumika likaguliwe huko huko linakotoka na wakaguzi waliowekwa na Shirika la Viwango, KEBS, nalo lipewe cheti. Gari lisiwe limepita umri wa miaka minane tangu mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia.

Ya nne ni kodi za serikali. Hii ndiyo kubwa, nasi tutaieleza peke yake.

Ya tano ni gharama za bandari pamoja na ujira wa wakala wa forodha. Bei hii haikai mahali pamoja: inapanda kila siku unayochelewa.

Ya sita ni kuandikisha gari, namba zake, na bima ya barabarani.

Ya saba ni kulifikisha nyumbani na kulitengeneza mara ya kwanza. Kutoka Mombasa mpaka Ruiri ni kama kilomita 700. Kuna dereva, kuna mafuta, na likifika utakuta magurudumu yamekwisha, betri imechoka, na mpira fulani umepasuka.

Dalali wetu aliitaja ya kwanza. Ya pili na ya tatu alizichanganya humo humo. Ya nne mpaka ya saba aliziita "ndogo ndogo."

KODI JUU YA KODI

Sisi wengi wetu tulisoma shule ya misheni, darasa la saba au la nane, basi. Lakini hesabu ya asilimia tulifundishwa, na fimbo tulichapwa kwa ajili yake. Tuitumie.

Chukueni gari la abiria la dizeli lenye injini inayozidi 2500 cc, na thamani yake ya forodha iwe shilingi 1,000,000 kamili. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, kwanza kuna ushuru wa forodha, asilimia 35. Hizo ni 350,000, na sasa gari linahesabiwa 1,350,000. Kisha kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 35 tena, nao hautozwi juu ya ile milioni ya mwanzo bali juu ya 1,350,000. Hizo ni 472,500, na gari sasa ni 1,822,500. Kisha kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo inatozwa juu ya hiyo 1,822,500. Hizo ni 291,600. Ongezeni ada ya tangazo la kuingiza bidhaa, asilimia 2.5 ya ile milioni, ni 25,000. Na tozo ya kuendeleza reli, asilimia 2, ni 20,000.

Jumlisheni: 1,159,100. Kodi imezidi thamani ya gari. Milioni moja imezaa mtoto mkubwa kuliko mama yake.

Na tuseme neno juu ya ile tozo ya reli. Sisi ni watu wa reli. Hatulalamiki kuchangia reli. Mkate wetu unatoka huko. Lakini lioneni jambo lenyewe: mtu wa Ruiri analipa tozo ya reli juu ya gari analolinunua kwa sababu reli haikufika kwake. Anayeweza kutueleza haki ya jambo hilo na atuandikie. Tutalichapa jibu lake katika toleo lijalo.

Tena kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi. Ile thamani ya forodha haitokani na risiti yako. Mamlaka ya Mapato, KRA, ina orodha ya bei za magari yakiwa mapya hapa Kenya. Huchukua bei iliyoandikwa humo, hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari, huondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, na kinachobaki ndicho msingi wa kukutoza. Mwaka 2025 ilitangazwa orodha mpya ya kuchukua mahali pa ile ya 2019, na magari mengi yakapanda bei juu ya karatasi. Waagizaji wakapiga kelele. Kwa hiyo ukinunua kwa bei rahisi sana huko Japani, usijidanganye kwamba kodi itakuwa rahisi pia. Orodha haijui kwamba ulipata bahati mnadani.

Tunafahamu sababu inayotolewa: wako matajiri wanaoandikisha risiti za uongo ili walipe kidogo, ndiyo maana orodha ikawekwa. Sawa. Mwizi azuiwe. Lakini mfanyakazi aliyelipa kwa benki, mwenye karatasi zote, ahesabiwe vivyo hivyo kama mwizi? Hatuombi kusamehewa kodi. Tunaomba mtu mwenye risiti ya kweli asikilizwe kwanza, na orodha iwe ya kumpima yule ambaye risiti yake ina mashaka.

Na kwa ambaye bado hajanunua, jueni kwamba ukubwa wa injini na aina ya mafuta hubadilisha hesabu. Gari la petroli lenye injini ya 2700 cc hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 35. Kwa ile ile thamani ya milioni moja, kodi yake yote ni 1,002,500. Dogo lisilozidi 1500 cc hutozwa asilimia 20, na kodi yote ni 924,200. Sisi tulitaka dizeli kubwa kwa sababu mkubwa fulani wa kwetu anayo kama hiyo. Tofauti ya 156,600 kwa kila milioni tulilipia kivuli cha mtu mwingine.

KARATASI ZA GARI

Tuseme sasa juu ya hali ya gari lenyewe, maana huko nako tuliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Huko Japani gari jipya la abiria hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, ndiyo sababu watu wengi huko huyatoa magari yao mapema yakiwa bado na nguvu. Hii ndiyo faida yetu. Magari mengi hupitia mnadani, na kila gari lina karatasi ya mnada iliyoandikwa na mkaguzi: alama ya hali yake, kilomita zilizosomwa, mahali palipokwaruzwa, mahali penye kutu. Gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa huwekewa alama ya herufi R. Karatasi hiyo ipo. Dalali anayo. Kama hakuonyeshi, ana sababu.

Tena kuna sehemu za Japani, hasa upande wa kaskazini kama Hokkaido, zenye theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Uingereza hufanya hivyo pia. Chumvi hiyo hula fremu ya gari kutoka chini, mahali ambapo picha haipigwi. La kwetu lilikuja linang'aa kama sahani ya arusi. Fundi wetu wa Meru alilala chini yake, akagonga fremu kwa bisibisi, na bisibisi ikaingia. Sisi tunaogonga reli kila siku kusikiliza kama ni nzima, hatukulifikiria kugonga gari kabla ya kulilipia.

Ziko karatasi tano za kudai, wala si kwa maneno matamu bali mkononi: karatasi ya mnada pamoja na tafsiri yake, cheti cha Japani cha kufuta uandikishaji, chenye namba ya chesisi na mwaka wa kwanza, cheti cha ukaguzi, hati ya meli yenye jina lako au jina la kikundi chako, na hesabu ya kodi iliyopigwa kabla hujatoa hata shilingi moja. Hati ya meli ikiwa na jina la dalali, gari ni la dalali. Wewe umemkopesha fedha tu.

LAWAMA YETU WENYEWE

Tungekuwa waongo kama tungemlaumu dalali peke yake. Mwizi hakuvunja mlango, tulimfungulia.

Katika chama chetu tunazo kanuni za kutunza fedha. Mweka hazina akinunua hata kalamu, tunadai risiti. Katibu akisafiri, tunauliza nauli. Lakini tulipofika mbele ya mtu mwenye kapeti, watu ishirini wazima tukawa kama watoto wa shule. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Mmoja wetu alitaka kuuliza habari ya kodi, tukamkanyaga mguu chini ya meza asitutie haya.

Haya hiyo ndiyo iliyotugharimu. Mwajiri akitukata siku moja ya mshahara bila sababu, tunakusanyika. Babu zetu wa bandari na reli waligoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 wakiwa hawana chochote mkononi ila umoja wao, na hawakuona haya kumwambia mzungu kwamba mshahara hautoshi. Sisi tukaona haya kumwuliza dalali kodi ni ngapi.

Na wako wengine kati yetu, tunasema wazi, ambao hata sasa wanakopa peke yao, miaka mitano ya kukatwa mshahara, ili walete gari kubwa la kuegesha mbele ya nyumba ya mabati. Gari hilo linanywa mafuta ambayo mwenyewe hawezi kuyanunua, linasimama juu ya mawe, na watoto wanafukuzwa shule kwa karo. Ndugu, hiyo ni kujifunga nira kwa mikono yako na kumpa dalali kamba. Gari la fowili linalobeba kijiji ni chombo cha kazi. Gari la fowili linalobeba sifa ya mtu mmoja ni mkopo wenye magurudumu.

WANAOTUAMBIA TUNAWASALITI WENZETU

Wako wanachama waliosema katika mkutano kwamba chama cha wafanyakazi hakifai kuagiza gari kuukuu kutoka ng'ambo, wakati tuna wafanyakazi wenzetu wa viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi. Hili ni neno la haki, wala hatulipuuzi. Kila gari linaloshuka melini likiwa limekwisha kutumika ni gari moja ambalo mikono ya ndugu zetu haikuliunga.

Lakini tunawajibu hivi. Nenda kwenye lango la kiwanda jioni, uwatazame wanaotoka. Wanapanda matatu. Mtu anayefunga skrubu za gari jipya la fowili hawezi kulinunua hata akiweka mshahara wake wote miaka na miaka, na sisi vivyo hivyo. Tunaambiwa kodi kubwa juu ya magari yaliyotumika huwalinda wafanyakazi wa viwanda. Kama ni hivyo, tunauliza: ulinzi huo uko wapi kwenye karatasi zao za mshahara? Na bei ya gari jipya imeshuka lini ikamfikia mkulima wa Ruiri? Siku mfanyakazi wa Thika atakapoweza kununua gari analoliunga, siku hiyo sisi tutakuwa wa kwanza kumwendea. Kabla ya siku hiyo, usimwambie mama mwenye uchungu asubiri kwa ajili ya uzalendo. Na kodi ikusanywayo juu ya mgongo wake ionekane imejenga kitu: kiwanda, au barabara, au hiyo reli.

TUNAYOTAKA

Kwanza, tunataka tawi lichague watu watatu wa kuangalia hesabu za mwanachama yeyote au kikundi chochote kinachotaka kuagiza gari kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Bei zote saba ziandikwe juu ya karatasi moja na kutiwa saini na muuzaji. Muuzaji akikataa kutia saini, mkopo usitoke.

Pili, tunataka mkopo wa gari upewe kwanza vikundi vitakavyotumia gari kwa faida ya wengi, wenye kanuni zilizoandikwa, mweka hazina wa kuchaguliwa, na kitabu cha safari kilicho wazi kwa kila mwanachama.

Tatu, tunataka kikundi kiwe na fedha zote mkononi kabla meli haijaondoka, pamoja na akiba ya dharura. Fedha nusu ni chakula cha bandari.

Nne, tunataka chama chetu kipeleke neno mbele, kwa sauti ya vyama vyote vya wafanyakazi, kwamba risiti ya kweli isikilizwe, na kwamba gari linaloandikishwa na kikundi kwa kubeba wagonjwa na mazao lifikiriwe tofauti na gari la starehe.

Mtatuuliza: na gari lenu je? Gari liko Ruiri. Fremu imechomelewa pande mbili, kwa gharama ambayo hatutaki kuikumbuka. Deni bado linakatwa. Lakini mwezi wa Novemba, usiku wa mvua, lilimteremsha mzee mwenye nimonia kutoka juu huko mpaka hospitali ya Meru, likapanda tena alfajiri likiwa limejaa matope mpaka madirishani, na mzee yuko hai. Kwa hiyo hatujuti kununua gari. Tunajuta kulinunua kama vipofu, kwa bei ya ng'ombe na mashamba ya wenzetu, na salamu za marafiki watatu.

Ndugu mwanachama, dalali atakapokuja kwako na picha zake, mkaribishe, mpe chai, usigombane naye. Kisha mpe karatasi tupu na kalamu, umwambie aandike bei saba. Ukimwona anatafuta kofia yake, umeokoa milioni mbili.

Umoja ni nguvu, na hesabu ni nusu ya umoja.

Ni sisi wenzenu,
Wafanyakazi wa reli wa Ruiri